Gari ya zamani inakula oili: vali sili, ringi, ovaholi, injini ya mtumba au uendelee kuongeza tu?

Ukiwa na gari yenye miaka 15 au 20 kuna siku utafika hapa tu. Unavuta dipstiki asubuhi unakuta oili iko chini kabisa ya alama, unajiambia labda nilipima vibaya, unaongeza, wiki mbili baadae iko chini tena na pale inapolala gari hamna hata tone. Fundi wa kwanza anakwambia shusha injini. Wa pili anasema hiyo itupe tu, weka nyingine. Wa tatu anasema weka oili nzito utembee. Na wote watatu wanaweza kuwa sahihi kwa magari matatu tofauti, ila hapo wanakujibu wakati hakuna hata mmoja aliyejua oili yako inapotelea wapi.

Mi nimepita huku na gari mbili. Ya kwanza niliifanyia kosa ambalo bado linaniuma, ya pili nilienda nayo taratibu. Kwahiyo ngoja nizilinganishe hizi njia moja moja, ipi inafaa lini, na ipi ni kuchoma hela.

Kwanza pima inakula kiasi gani

Hapa ndo watu wanaruka. Mtu anasema "gari inakula oili sana" ukimuuliza kiasi gani hajui, anajua tu alinunua kopo juzi. Simamisha gari sehemu iliyo sawa, zima, subiri dakika tano hadi kumi oili ishuke, jaza mpaka alama ya juu kabisa ya dipstiki, andika kilomita. Tembea kilomita 1,000 kama kawaida yako alafu pima tena sehemu ileile kwa namna ileile. Kwenye gari nyingi ndogo kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita 1 hivi, kwahiyo ikishuka nusu unajua imekula karibu nusu lita.

Alafu fungua kitabu cha gari, kuna kitu kitakushangaza. Vitabu vya Toyota vingi vimeandika kabisa kwamba kiwango cha juu ni lita 1 kwa kilomita 1,000. Hiyo sio kusema lita nzima ni afya njema, kwangu mimi ni nyingi mno, ila inakuonyesha gari inayokula robo lita kwa kilomita 1,000 haina sababu ya kushushiwa injini. Hiyo unaongeza na maisha yanaenda.

Na usizidishe oili. Nimeona gari imejazwa kupita alama kwa vidole viwili, kranki (ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni) inachapa oili mpaka inafanya povu, ukungu wa oili unapanda kwenye bomba la hewa, moshi wa bluu unatoka, fundi akasema ringi (zile pete za chuma zinazozunguka pistoni) zimekwisha. Ikapunguzwa oili, baada ya siku chache moshi haupo.

Inavuja au inaungua?

Hii ni fupi. Osha injini, tembea siku mbili tatu, washa tochi uangalie gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), swichi ya oili, filta, sampu (bakuli la oili chini ya injini), na pale injini inapokutana na gia boksi. Kuna sili ya kranki pale nyuma inavuja wakati gari inatembea tu, ukipaki hudondoshi kitu, na upepo unapaka oili yote chini ya gari. Kwahiyo "hamna tone chini" haimaanishi haivuji, lazima uinue gari uangalie tumboni.

Kingine kinachochanganya ni oili kwenye mashimo ya plagi. Ukichomoa plagi ukaikuta imelowa oili kwa juu, huku kwenye kauri na kwenye nyuzi za skrubu, hiyo imevuja kutoka kwenye tapeti kava, unabadilisha gasketi na zile sili za duara za mashimo basi. Ikiwa imelowa kule mwisho panapopiga cheche, hiyo oili imetoka ndani ya silinda. Plagi ileile, kesi mbili tofauti kabisa.

Kabla ya yote, valvu ya PCV

Injini ikichoma mafuta kuna gesi kidogo inapenya ringi na kushuka kwenye tumbo la injini. PCV ni kivalvu kidogo kinachorudisha hiyo gesi kwenye bomba la kuingiza hewa ikaungue. Kikikwama wazi kinanyonya na ukungu wa oili. Kikiziba presha inajaa tumboni, inasukuma oili kwenye sili na kupita kwenye ringi. Yaani kitu cha ukubwa wa kidole kinaweza kuigiza injini iliyokufa.

Kichomoe, kitikise, nyingi zinalia kashkash, isiyolia ina mashaka. Injini ikiwa inaunguruma ziba mdomo wake kwa kidole, unatakiwa usikie inavuta. Angalia na bomba lake la mpira, kwenye magari ya umri huu mara nyingi limekauka likapasuka au limejaa uchafu mweusi. Ukilinganisha bei na kazi yake hakuna kitu kwenye orodha yote hii kinachokaribia, na bado watu wanashusha injini bila kuigusa, alafu PCV ileile mbovu inarudishwa kwenye injini mpya.

Vali sili na ringi, hapa ndo penye mtihani

Tuseme haivuji na PCV ni nzima. Zimebaki njia mbili za oili kuingia silinda, itoke juu kupitia shina la valvu au itoke chini kupitia ringi. (Kama gari ina tabo, ile turbo inayosukuma hewa kwenye injini, kuna njia ya tatu, chomoa bomba la intakula, kipoza hewa chake, uone kama lina dimbwi la oili, ila tuiache hiyo.)

Moshi unaongea lakini lazima ujue lini wa kuusikiliza. Vali sili ni vipira vidogo vimekaa kwenye shina la kila valvu, kwa miaka na joto vinakauka vinakuwa vigumu kama plastiki. Gari ikilala usiku, oili iliyobaki juu inachuruzika kidogo kidogo inashuka, ukiwasha asubuhi unapata wingu la bluu sekunde chache alafu linaisha. Dalili nyingine, unashuka mteremko mrefu na gia umeachia pedeli, uvutaji kwenye silinda unakuwa mkubwa unanyonya oili kupitia valvu za kuingiza hewa, ukikanyaga tena chini ya mteremko unaona wingu kwenye kioo cha nyuma. Foleni pia, umesimama dakika kumi injini inaunguruma, ukiondoka unamwachia wa nyuma yako salamu.

Ringi zina tabia tofauti. Moshi unatoka unapokamua, unapanda mlima, umebeba mzigo, resi ndefu, na unaendelea kutoka muda wote unaokanyaga. Ukifungua mfuniko wa oili injini ikiwa inawaka unaona inapumua kwa nguvu, pu pu pu.

Moshi mweupe mzito unaonukia utamu ni kulanti (maji ya kupoza injini), hiyo ni gasketi ya hedi (kichwa cha injini chenye valvu) au hedi kupasuka, kesi nyingine. Mweusi ni petroli nyingi. Mweupe mwepesi asubuhi ya baridi unaopotea injini ikipata joto ni mvuke tu, usijitafutie presha.

Sasa kipimo cha kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kubana. Injini iwe ya moto, toa plagi zote, kata petroli na cheche, betri iwe na nguvu, mtu akanyage pedeli ya mafuta mpaka chini, uzungushe na stata mpaka mshale uache kupanda. Injini nyingi za petroli nzima zinasoma kati ya 150 na 200 psi, lakini namba sahihi iko kwenye kitabu cha injini yako, na cha maana zaidi ni silinda zisipishane sana. Zote nne ziko 165, 170, 165, 168, hiyo injini ina heshima zake. Moja ikiwa 110 kuna neno. Hapo unamimina oili kijiko kimoja kwenye hiyo silinda unapima tena, ikipanda sana ni ringi kwa sababu oili imeziba nafasi, isipopanda ni valvu au gasketi. Silinda mbili jirani zote ziko chini, shuku gasketi ya hedi kati yao. Kwenye Subaru ambazo silinda zimelala usiamini sana hii ya kijiko, oili inakaa upande mmoja wa pistoni.

Na sasa kosa langu. Ile gari ya kwanza ilikuwa inakula kama lita kwa kilomita 1,000. Tukapima kompresheni, zote juu, zimelingana, safi kabisa. Fundi akasema ringi nzima hizi, kwahiyo ni vali sili, na mi nikaona ina mantiki, nikakubali. Tukabadilisha zote 16. Nikatembea kilomita 1,000 nikavuta dipstiki. Lita.

Tatizo ni kwamba pistoni ya kawaida ina ringi tatu, mbili za juu ndo za kuzuia kompresheni, ya tatu ya chini kazi yake ni kukwangua oili ukutani na kuirudisha tumboni kupitia vitundu vilivyo nyuma yake. Geji ya kompresheni inapima zile mbili za juu. Ringi ya oili inaweza kuwa imegandishwa na kaboni, vitundu vimeziba kabisa, oili inabaki ukutani na kuungua kila mzunguko, na geji ikakusomea 170 huku inatabasamu. Tena ile oili iliyobaki ukutani inasaidia kuziba, namba inaweza hata kupendeza zaidi. Kwahiyo kompresheni mbovu inakwambia injini mbovu, lakini kompresheni nzuri haisafishi jina la ringi ya oili. Kama kuna kitu kimoja tu humu cha kukaa kichwani kwako, ni hicho.

Na hili sio jambo la bahati mbaya ya mtu mmoja. Injini za Toyota aina ya 1ZZ-FE za mwanzo zinajulikana kwa hilo, vitundu vya kurudisha oili kwenye pistoni vilikuwa vidogo vinaziba, baadae wakabadilisha pistoni. 2AZ-FE nayo, mpaka Toyota wakaweka mpango Marekani wa kubadilisha pistoni na ringi kwa baadhi ya magari ya 2007 hadi 2009. Kabla hujachagua chochote tafuta kodi ya injini yako (zile namba na herufi za aina yake, kama hizo) ujue ugonjwa wake wa ukoo. Mwenye Mazda RX-8 akilalamika inakula oili mwambie ndo ilivyoumbwa, ile injini inarushiwa oili makusudi ndani ya chumba cha kuchomea.

Kwahiyo ukiweka vali sili na ringi pamoja: moshi wa asubuhi na wa baada ya mteremko, plagi zina oili kidogo, kompresheni nzuri, ulaji wa wastani, nenda vali sili. Asubuhi hamna wingu lolote, moshi unakuja kwenye kukamua, au hata hauonekani kabisa ila lita inapotea kila kilomita 1,000 na kompresheni ni nzuri, mi ningeweka hela yangu kwenye ringi ya oili.

Kazi ya vali sili kwenye injini nyingi inafanyika bila kung'oa hedi. Unatoa tapeti kava na kamshafti (mhimili unaofungua valvu), unajaza hewa ya kompresa kwenye silinda kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa juu kabisa, au unasokomeza kamba laini kupitia tundu hilohilo kisha unazungusha kranki pistoni ipande ibane kamba chini ya valvu, ndo unabana springi na kutoa sili. Kamba ni mbinu ya kizee lakini mi naipenda kuliko hewa, hewa ikisukuma pistoni ikashuka alafu kompresa ikakatika, valvu inaweza kudondoka ndani na hapo hedi utaing'oa tu. Springi ikiwa imetoka tikisa shina la valvu upande kwa upande, likicheza sana gaidi (bomba linaloshika hilo shina) imekwisha, sili mpya utakayoweka itakufa mapema.

Kuloweka pistoni

Hii ni njia ya katikati na inabishaniwa sana. Kama ni ringi ya oili imeganda na kaboni, unatoa plagi, unamimina dawa ya kuyeyusha kaboni kwenye kila silinda, unaacha ilale usiku kucha, unaongeza inapopungua, unazungusha kranki kidogo kwa mkono mara moja moja ili ipenye. Asubuhi unaziba matambara juu ya matundu, unazungusha stata bila plagi irushe nje kila kilichobaki. Hili usiliruke, kimiminika hakibanwi, ukirudisha plagi na silinda ina dawa unaweza kukunja konrodi (mkono unaounga pistoni na kranki). Alafu unamwaga oili yote na filta kabla ya kutembea kwa sababu dawa imeshuka ikaifanya nyepesi. Washa nje, utatoa moshi wa kufukuza mbu mtaa mzima.

Inafanya kazi? Mara nyingine. Gari yangu ya pili ilikuwa inakula lita kwa kilomita 1,000, baada ya PCV mpya na kuloweka mara mbili ikaenda karibu kilomita 3,000 kwa lita. Haikupona, ilipata nafuu. Ringi iliyolika au silinda iliyochanika dawa haisaidii kitu, chuma hakirudi. Lakini ukilinganisha na kushusha injini ni kazi ya wikendi moja, na ikishindikana hujapoteza kikubwa.

Ringi tu au ovaholi kamili

Dawa imeshindwa, umeamua kufungua. Hapa mtu atakwambia tuweke ringi mpya tu tufunge, na mwingine atasema tuchonge bloku kila kitu kipya. Jibu liko kwenye silinda zenyewe, lazima zipimwe na geji ya ndani, juu, kati, chini, na pande mbili. Silinda inaliwa zaidi kule juu, inakuwa pana juu nyembamba chini, na inaacha kuwa duara. Ringi mpya kwenye silinda ya namna hiyo inafunguka na kujibana kila pistoni inapopanda na kushuka, haiwezi kukaa vizuri. Pitisha ukucha juu kabisa ya silinda, ukinasa kwenye ngazi kuna kingo, na ringi mpya yenye kona kali inaweza kugonga hiyo kingo ikakatika. Kikomo cha upana kiko kwenye kitabu cha injini, sio kwenye jicho la fundi hata awe na miaka 30 kazini.

Silinda ziko ndani ya kipimo, michoro ya msalaba bado inaonekana, pistoni hazijachanika, ringi ya oili tu ndo ilikuwa imeganda: ringi mpya inatosha. Safisha mifereji na vitundu vya pistoni, piga hone silinda (sio honi ya pii pii, ni kuzikwaruza michoro ya msalaba ili ringi zikae), osha bloku kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, petroli haitoi ule unga wa jiwe vizuri, alafu paka oili hapohapo maana kutu haisubiri. Alama kwenye ringi, herufi au nukta, inaangalia juu. Pima mwanya wa ringi ndani ya silinda kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), silinda ya milimita 84 hivi isiyo na tabo mara nyingi inataka kama milimita 0.3, na mianya isipangwe mstari mmoja. Nimeona kazi imerudiwa kwa sababu ringi zilipinduliwa, hiyo inauma kuliko kitu chochote.

Silinda zimepita kipimo ndo ovaholi yenyewe: kuchonga bloku kwenda saizi 25 au 50, yaani pistoni zilizozidi kwa milimita 0.25 au 0.50, kupima kranki na kuichonga ikibidi, beringi za konrodi na za kati mpya, hedi kusawazishwa, valvu kusagwa, gaidi kuangaliwa, pampu ya oili, gasketi zote. Nunua pistoni kwanza ndo upeleke bloku kuchongwa, mchongaji anatakiwa achonge kwa kipimo cha pistoni iliyo mkononi mwake. Na uliza mapema kama bloku yako inachongeka, bloku za alumini zenye silivu (ukuta wa silinda uliopachikwa) nyembamba nyingine hazina nyama ya kuchonga, 1ZZ ni mfano, huko utaambiwa silivu mpya na gharama inapanda ghafla.

Ovaholi au injini ya mtumba

Hapa ndo watu wanagombana. Injini ya mtumba inavutia kwa sababu ni ya haraka, siku mbili tatu gari iko barabarani, na kwa magari yanayouzwa sana mara nyingi inatoka rahisi kuliko ovaholi iliyofanywa vizuri. Ovaholi inaweza kula wiki, mara pistoni haijafika, mara mchongaji ana foleni, na mwisho ubora wake ni ubora wa fundi na mchongaji wako, sio wa kiwanda.

Lakini mtumba unanunua kitu usichokijua. Injini haina spidomita yake. Na kama ugonjwa wako ni wa ukoo, unaweza kutoa mgonjwa ukaweka ndugu yake. Mtu mwenye 2AZ-FE ya miaka ile inayokula oili akinunua nyingine ya miaka ileile anacheza kamari, wakati akiwekewa pistoni na ringi za toleo lililorekebishwa anakuwa ameondoa chanzo chenyewe. Kwa injini ya ukoo mbaya mi naenda ovaholi bila kusita. Kwa injini ya ukoo mzuri ambayo yako tu ndo iliteswa, ilikosa oili au ilichemka, mtumba unaanza kuwa na akili zaidi.

Ukinunua mtumba usiangalie rangi, wanaziosha zikang'aa. Fungua mfuniko wa oili upige tochi, ukiona tope jeusi kama lami ondoka. Zungusha kranki kwa spana, iende laini raundi mbili kamili. Toa plagi uzisome. Omba kupima kompresheni hapohapo kwa betri na stata, muuzaji akikataa umeshapata jibu, ila kumbuka ile ya ringi ya oili, kompresheni haisemi yote. Ile iliyokaa muda mrefu chini bila kuzibwa matundu inaweza kuwa na kutu kwenye silinda na sili zimekauka.

Alafu mambo ya kulingana. Kodi ya injini inaweza kuwa ileile lakini sampu iko mbele kwenye moja na nyuma kwenye nyingine, sensa ziko tofauti, waya hazifanani, kontrol boksi (kompyuta ya injini) haiongei na funguo zako. Nchi nyingi namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwahiyo kubadilisha ni lazima na karatasi zibadilike, omba risiti yenye namba.

Injini ya mtumba ikiwa bado iko sakafuni badilisha sili ya kranki ya nyuma na ya mbele, gasketi ya tapeti kava, taiming belti kama ina belti, pampu ya maji, thamostati na PCV. Ikishapanda, sili ya nyuma inataka gia boksi ishuke, na utajilaumu. Angalia na kataliti (kisafisha moshi kwenye ekzosi), ya zamani imeshakula moshi wa oili miaka, na fosforasi iliyomo kwenye oili inaua kataliti polepole. Injini mpya ikipumulia kwenye kataliti iliyoziba haina nguvu na inapata joto, alafu unasema uliuziwa mbovu.

Ovaholi nayo ina nidhamu yake ya mwanzo. Ukiwasha usiiache inaunguruma saa nzima ati ijizoeshe, ringi zinahitaji presha ya mzigo zisukumwe ukutani zikae, tembea nayo, kanyaga wastani, achia, kanyaga, badilisha mwendo, usibebe mzigo mzito, mwaga oili na filta ndani ya kilomita 1,000 za mwanzo.

Au kuendelea kuongeza tu

Hii inadharauliwa na mi naiheshimu. Gari inakula nusu lita kwa kilomita 1,000, kompresheni nzuri, inavuta vizuri, haitoi moshi wa aibu, na unatembea kilomita 800 kwa mwezi. Hiyo ni chini ya nusu lita kwa mwezi. Piga hesabu ya ovaholi kwa oili utakayoongeza, utakuta unaweza kuongeza miaka mingi.

Masharti yake ni kuvuta dipstiki kila wiki na kutosubiri taa ya oili. Ile taa kwenye gari nyingi inasoma presha, haisomi kiasi, ikiwaka kwenye kona maana yake pampu imeshaanza kuvuta hewa na beringi zinalia. Mwaga oili kwa wakati ileile ratiba, kuongeza sio kubadilisha, uchafu unabaki mlemle. Plagi utazisafisha mara nyingi zaidi na kataliti utakuja kuipoteza, na kama gari inapimwa moshi unaweza kufeli.

Oili nzito inasaidia kiasi. Kutoka 5W-30 kwenda 10W-40 kunaweza kupunguza ulaji, lakini injini zenye VVT (mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) zinatumia hiyohiyo oili kusogeza kamshafti mbele au nyuma, ukienda nzito sana asubuhi inachelewa kufika juu na taa ya injini inaweza kuwaka. Angalia kitabu, vingi vinaruhusu unene zaidi ya mmoja kutegemea joto la unakoishi. Dawa za kulainisha mpira zinaweza kusaidia sili zilizokauka kidogo, kwa ringi zilizolika usitegemee kitu.

Mi mwenyewe ningefuata hivi: PCV na kuvuja kwanza hata kama una uhakika sio, alafu plagi na moshi, alafu kompresheni. Chini ya nusu lita kwa kilomita 1,000 naongeza tu. Wingu la asubuhi, vali sili. Lita nzima na kompresheni nzuri, naloweka kabla ya kufungua. Kompresheni mbovu na bodi ya gari imeoza kutu, sifanyi ovaholi, mtumba wa haraka au nauza huku nikimwambia mnunuzi ukweli. Kompresheni mbovu na gari ni ya kukaa nayo miaka, bloku inachongeka na mchongaji ana geji anayojua kuisoma, naenda ovaholi.

Ile gari ya vali sili 16 nilikuja kuiuza. Aliyenunua aliifungua, akanitumia picha ya pistoni: ringi za juu zinang'aa, ya oili imeganda nyeusi kama imeunguzwa kwenye chungu, vitundu vyote vimeziba. Akaweka pistoni za toleo jipya na ringi, mpaka leo akipita anapiga honi. Ya pili bado ninayo, buti ina kopo la lita moja na faneli, na dipstiki naivuta kila Jumamosi kabla sijawasha.